Utawala wa Hasina ulianza kubomokea bwenini

Katikati ya mwaka 2024 nchi mbili zilizo mbalimbali sana zilikuwa zinachemka kwa wakati mmoja. Nairobi, Juni 25, vijana waliingia hadi ndani ya Bunge wakiupinga Muswada wa Fedha. Wiki haijaisha, wanafunzi wa vyuo vikuu jijini Dhaka, Bangladesh, wakaanza kufunga barabara wakipinga utaratibu wa kugawa ajira za serikali. William Ruto aligoma kuusaini muswada kesho yake tu, na Julai 11 akafukuza karibu baraza zima la mawaziri. Yupo. Sheikh Hasina, waziri mkuu aliyekalia kiti mfululizo tangu 2009, alipakiwa kwenye ndege ya jeshi mchana wa Agosti 5 akakimbilia India, huku umati ukiingia nyumbani kwake na kutoka na viti, samaki na kuku.

Tangu siku ile jibu linalopendwa kuhusu tofauti hii ni simu ya mkononi. Tunaambiwa kizazi kipya kina mitandao, hakina woga, hakina kiongozi wa kununuliwa. Sawa, lakini hayo yote Nairobi yalikuwepo, tena kwa mbwembwe zaidi. Na huko Dhaka kwenyewe, serikali ilipozima intaneti usiku wa Julai 18, ikaizima nchi nzima kwa siku kadhaa, mitaa haikutulia. Ijumaa ya Julai 19, nchi ikiwa gizani, ilikuwa miongoni mwa siku zilizomwaga damu nyingi kuliko zote. Kwa hiyo simu ilisaidia, lakini mzigo wenyewe ulibebwa na kitu kingine. Mimi nauona kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Dhaka, mahali ambapo wachambuzi wa kimataifa hupita haraka sana wakielekea kwenye picha za barabarani.

Aliyesoma Mlimani, Dar es Salaam, anajua kubebana: chumba cha watu wachache kinalala watu wengi kwa sababu chuo kimedahili kuliko vitanda kilivyonavyo. Kwetu kubebana ni shida ya nafasi, na mwenye chumba anakubeba kwa urafiki au kwa huruma. Dhaka uhaba huohuo uligeuzwa kuwa mtaji wa siasa. Kijana anatoka Rangpur au Barisal, mwana wa mkulima, hana uwezo wa kupanga chumba mjini. Kwenye karatasi bweni linagawiwa na mkuu wa bweni, ambaye ni mhadhiri. Kitanda chenyewe kilikuwa kinagawiwa na Chhatra League, tawi la wanafunzi la Awami League, chama kilichokuwa kinatawala. Mwaka wa kwanza ulikuwa unatupwa kwenye kile walichokiita gono room, chumba cha halaiki, watu wamepangwa sakafuni bega kwa bega. Usiku mnaitwa sebuleni. Hapo kaka zenu wa miaka ya juu wanawahoji: kwa nini jana hukumsalimia fulani? Uliandika nini Facebook? Maandamano ya chama ya mchana ulikuwa wapi? Anayejibu vizuri, baada ya miezi anapata kitanda. Anayejibu vibaya anakula makofi, au begi lake linarushwa nje saa nane za usiku.

Oktoba 2019, katika chuo kikuu cha uhandisi cha BUET, mwanafunzi aitwaye Abrar Fahad aliitwa hivyohivyo. Alikuwa ameandika Facebook akikosoa mikataba ya serikali na India. Walimpiga kwa saa kadhaa ndani ya bweni lake, kwa magongo ya kriketi na kamba za kurukia, mpaka akafa. Mahakama iliwahukumu kifo wanafunzi 20 mwaka 2021. Hukumu ilitoka, lakini sebule za usiku ziliendelea.

Utaratibu huo uliipa serikali vitu ambavyo polisi pekee hawawezi kuvitoa. Uliipa umati wa kujaza viwanja vya mikutano, wapelelezi wanaolala chumba kimoja na wapelelezwa, na vijana wa kuvaa helmeti na kushika magongo pale ambapo askari mwenye sare angeonekana vibaya. Julai 2018 basi liliwagonga na kuwaua wanafunzi wawili jijini Dhaka, na watoto wa sekondari wakatoka kudai usalama barabarani, wakasimamisha magari na kukagua leseni za madereva, mawaziri wakiwemo. Waliotumwa kuwapiga walikuwa hao wenye helmeti. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyepigwa gongo mwaka 2018 akiwa na miaka 15 au 16, mwaka 2024 yuko chuo kikuu.

Kinachonishangaza ni kwamba familia iliyoujenga mtego huu ndiyo iliyojua kuliko yeyote jinsi wanafunzi wanavyoangusha watawala. Chhatra League iliasisiwa Januari 1948 na Sheikh Mujibur Rahman, baba yake Hasina, na iliasisiwa papo hapo Chuo Kikuu cha Dhaka. Februari 21, 1952 wanafunzi waliuawa wakidai lugha ya Kibangla itambuliwe, na mnara wao, Shaheed Minar, mpaka leo ndio mahali nchi nzima inapokimbilia ikiwa na jambo zito. Mwaka 1969 wanafunzi walitangulia katika vuguvugu lililomwondoa Ayub Khan, mtawala wa Pakistan, wakati Bangladesh ilikuwa bado sehemu ya nchi hiyo. Desemba 1990 walimng'oa Jenerali Ershad, na Hasina mwenyewe alikuwa mmoja wa viongozi wa upinzani walionufaika. Ujanani alikuwa kiongozi wa wanafunzi chuoni Eden. Hakuhitaji mshauri wa kumweleza hatari inatokea wapi. Ndiyo maana aliyadhibiti mabweni kuliko hata alivyolidhibiti Bunge. Bunge alilipata kwa njia rahisi zaidi, kwa uchaguzi wa 2014 ambao viti 153 kati ya 300 havikuwa na mpinzani, kisha ule wa 2018, kisha ule wa Januari 2024 ambao chama kikuu cha upinzani, BNP, kilisusia.

Chanzo cha mgogoro chenyewe kilikuwa kidogo kwa kutazama. Asilimia 56 ya ajira za serikali zilikuwa zimetengwa kwa makundi maalumu, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 30, lilikuwa la wapigania uhuru wa 1971, baadaye watoto wao, baadaye wajukuu. Wanawake walikuwa na asilimia 10, wilaya zilizo nyuma 10, makabila madogo 5, walemavu 1. Wanafunzi waliandamana mwaka 2018, Hasina akakasirika na kufuta mgao wote kwa nafasi za madaraja ya juu. Juni 5, 2024 Mahakama Kuu ikasema kuufuta kulikuwa kinyume cha sheria, na asilimia 30 ikarudi.

Uchumi ulikuwa unakua, tusidanganyane. Daraja la Padma lilifunguliwa 2022, treni ya umeme ikaanza kupita juu ya Dhaka mwaka huohuo, viwanda vya nguo vilikuwa vinauza dunia nzima. Lakini kiwanda cha nguo kinahitaji fundi cherehani, hakihitaji mwenye shahada ya historia. Mtihani wa utumishi wa umma unaoitwa BCS ulikuwa ukiwakusanya mamia ya maelfu ya wahitimu kugombea nafasi elfu chache. Maktaba ya chuo kikuu ilikuwa na foleni tangu alfajiri, na waliopanga foleni hawakuja kusoma masomo yao, walikuja kukariri maswali ya BCS. Kumwambia mtu huyu kwamba karibu theluthi ya nafasi ni za wajukuu wa watu fulani, na kwamba orodha ya hao watu inatunzwa na chama tawala, ni kumwambia kwamba hata foleni ile haina maana.

Bado hapo serikali ingeweza kuokoka. Julai 10 mahakama ya rufaa ilisimamisha uamuzi ule. Kilichobaki kilikuwa kukaa kimya na kungoja likizo. Jumapili ya Julai 14 Hasina, akiwa ametoka ziarani China, aliulizwa na mwandishi wa habari kuhusu wanafunzi, akajibu kwa kuuliza: kama wajukuu wa wapigania uhuru hawapewi kazi, wapewe wajukuu wa Razakar? Razakar ni wanamgambo waliolisaidia jeshi la Pakistan kuua Wabangladesh mwaka 1971. Kwa Mbangladesh hakuna tusi linaloenda chini zaidi ya hapo, na kwa miaka 15 tusi hilo lilikuwa funguo la kufungia midomo. Mkosoaji yeyote alikuwa Razakar, mjadala umekwisha.

Usiku ule wanafunzi walilichukua tusi wakalivaa. Kelele zilianza kwenye mabweni, kubwa zaidi zikitoka kwa wasichana waliovunja kufuli za mageti na kutoka nje: "Wewe ni nani? Mimi ni nani? Razakar! Razakar! Nani kasema? Nani kasema? Dikteta! Dikteta!" Kaulimbiu ya kale ya uhuru ilikuwa na mpangilio huohuo, ila jibu lake lilikuwa "Mbangla! Mbangla!" Waliigeuza mbele ya macho ya chama kinachodai kumiliki uhuru wenyewe. Baada ya hapo lile neno halikufunga tena mdomo wa mtu.

Kesho yake katibu mkuu wa chama, Obaidul Quader, alisema Chhatra League inatosha kuwajibu. Nao wakajibu kwa magongo, nondo na bastola, wakawafuata majeruhi hadi hospitalini. Julai 16, Rangpur, Abu Sayed, mwanafunzi wa Kiingereza, alisimama peke yake mbele ya polisi, akafungua mikono yote miwili, fimbo nyembamba mkononi. Walimpiga risasi za shotgun. Kamera zilikuwepo. Watu sita walikufa nchini siku hiyo.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji waitazame Dhaka na waiache Rangpur kidogo, ingawa picha ya Abu Sayed ndiyo iliyozunguka dunia. Usiku wa kuamkia Julai 17, wasichana wa bweni la Rokeya waliwatoa nje viongozi wa Chhatra League waliokuwa wakiishi nao, wakamfanya mkuu wa bweni asaini karatasi kwamba bweni hilo kuanzia sasa halina siasa za vyama. (Bweni hilo na chuo alichosoma Abu Sayed vyote vimepewa jina la mwanamke mmoja, Begum Rokeya, aliyepigania elimu ya wasichana.) Kabla ya jua kupanda juu, bweni moja baada ya jingine lilikuwa limefanya vilevile. Vyumba vya wakubwa wa chama vilivunjwa, magodoro yao yakatupwa chini. Mtu aliyekuwa akiogopwa mpaka namna ya kumsalimia ilikuwa ikifundishwa sebuleni, alionekana akitoroka na begi.

Serikali iliendelea kuwepo kwa siku 19 zaidi, lakini kile kilichokuwa kikiiwezesha kutawala vijana bila kutumia bunduki kilikuwa kimekwisha usiku ule. Ilibakiwa na bunduki.

Ikafanya kosa la pili lililokuwa kubwa kuliko la kwanza: ikafunga vyuo na kutuma polisi kuwatoa wanafunzi mabwenini. Ukiwa na moto uliojifungia ndani ya chuo, kuwarudisha waandamanaji majumbani ni kuwapelekea wazazi, wadogo na majirani zao. Kuanzia Julai 18 waliosimama mbele walikuwa wanafunzi wa vyuo binafsi, ambao siku zote walidharauliwa kuwa watoto wa matajiri wasiojali siasa, pamoja na madereva wa riksho, wauza duka na wakazi wa Rampura, Uttara na Jatrabari. Amri ya kutotoka nje ikatangazwa, jeshi likaingia mitaani. Julai 21 mahakama ya juu ikapunguza fungu la familia za wapigania uhuru kutoka asilimia 30 hadi 5, na asilimia 93 zikawa za ushindani. Wanafunzi walikuwa wameshinda kila kitu walichokiomba Julai 1, na hakuna aliyeshangilia, maana walikuwa wanazika.

Halafu kukatokea mambo mawili madogo ambayo kwangu yanaeleza kuanguka kuliko hotuba yoyote. Julai 25 Hasina alikwenda kukagua kituo cha treni cha Mirpur-10 kilichovunjwa, na kamera zikamwonyesha akifuta machozi mbele ya mashine za tiketi. Siku zilezile kikosi cha upelelezi kiliwakamata waratibu sita wa harakati, baadhi yao wakitolewa hospitalini, na mkuu wa kikosi, Harun, akabandika mtandaoni picha akila nao mezani ili ionekane ni wageni wake. Wadhaka walikuwa wameshaibatiza ofisi ile "hoteli ya wali ya Harun". Jaji wa Mahakama Kuu aliyeona picha hizo aliionya serikali iache kulifanyia taifa mzaha. Serikali ilipotangaza siku ya maombolezo ya kitaifa na kutaka weusi, watu wakageuza picha zao mtandaoni kuwa nyekundu. Wakati huo hata kalenda walikuwa wameikataa: walisema Julai haiishi mpaka aondoke, wakaendelea kuhesabu Julai 32, Julai 33. Agosti 5 wanaiita Julai 36.

Agosti 3, pale Shaheed Minar, Nahid Islam, mmoja wa waliokamatwa, alisoma dai moja tu: ajiuzulu. Siku hiyohiyo mkuu wa jeshi, Jenerali Waker-uz-Zaman, alikutana na maofisa wake, na ujumbe uliotoka ni kwamba jeshi halitawapiga wananchi risasi. Waker ana undugu wa ndoa na Hasina, kwa hiyo tusidhani alikuwa mpinzani aliyejificha. Askari wa vyeo vya chini walikuwa na wadogo zao kwenye umati. Tena kuna jambo ambalo msomaji wa Bunia au Goma analifahamu vizuri: jeshi la Bangladesh ni miongoni mwa majeshi yanayotoa askari wengi zaidi wa Umoja wa Mataifa. Wamekaa Ituri miaka na miaka. Februari 2005 tisa kati yao waliuawa huko kwa mkupuo mmoja. Posho ya kazi hiyo ndiyo inayojenga nyumba ya sajini kijijini. Volker Türk, kamishna wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, alisema mwaka 2025 kwamba jeshi lilionywa kuwa likishiriki ukandamizaji huenda likapoteza kazi hiyo. Jeshi lilijibu kwamba halikupokea onyo kama hilo kutoka kwake. Hata kama hakuna aliyeonya, kila ofisa alijua hesabu hiyo bila kuambiwa.

Sasa turudi Nairobi, maana swali la tofauti bado lipo. Ruto alirudi nyuma mapema. Hasina alitukana kwanza, akaua, kisha akarudi nyuma. Hilo kila mtu analiona. La pili halionekani kirahisi. Ruto alikuwa na mtu wa kumpigia simu. Ndani ya Julai ileile watu wa ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, waliteuliwa kuingia kwenye baraza lake, na Machi 2025 yeye na Raila wakasaini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Hasina hakuwa na Raila. Upinzani wake ulikuwa jela, uhamishoni au umesusia uchaguzi, na viongozi wa wanafunzi aliotaka kuzungumza nao mwishoni walikuwa wametoka kwenye mahabusu yake juzi yake. Mtawala aliyemeza kila kitu huonekana ana nguvu kuliko anayelazimika kugawana, na kwa siku za kawaida ni kweli. Siku ya mtikisiko ndipo anayegawana anapata pa kuegemea. Makomredi wa Nairobi wanaojilaumu kwamba walikosa ujasiri wa wenzao wa Dhaka wanajionea bure. Walikuwa wanasukuma ukuta wenye nguzo nyingine nyuma yake.

Bei iliyolipwa Dhaka pia haifai kutamaniwa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba huenda watu 1,400 waliuawa kati ya Julai 1 na Agosti 15, wengi wao kwa risasi za vyombo vya usalama, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa mtoto. Baada ya Agosti 5 kisasi nacho kikaja: polisi waliuawa vituoni, wafuasi wa Awami League na familia za Wahindu zikashambuliwa. Hasina alihukumiwa kifo Novemba 2025 na mahakama ya Dhaka bila kuwepo. Yuko India.

Waliomwondoa walimwita Muhammad Yunus, mzee wa miaka 84 mwenye Nobeli, aongoze serikali ya mpito, na Nahid akawa waziri akiwa na miaka 26. Februari 2025 alijiuzulu ili aongoze chama kipya cha vijana. Mimi sikushangaa chama hicho kilipopata taabu ya kuota mizizi. Harakati iliyofanikiwa kwa sababu ilikataa vyama ilikuwa imewafundisha wafuasi wake kuviogopa vyama, na sasa inawaomba kadi.

Lakini kipimo ninachokiangalia ni kilekile cha vitanda. Chhatra League ilipigwa marufuku Oktoba 2024. Agosti 8, 2025 tawi la wanafunzi la BNP lilitangaza kamati zake katika mabweni 18 ya Chuo Kikuu cha Dhaka, na usiku huohuo wanafunzi wakatoka tena nje kwa mamia, wakidai makubaliano ya Julai 17 yaheshimiwe, mpaka makamu mkuu wa chuo akatoka kuwahakikishia kwamba siasa za vyama mabwenini bado ni marufuku. Mwezi mmoja baadaye ukafanyika uchaguzi wa umoja wa wanafunzi, wa kwanza tangu 2019. Kundi lililoungwa mkono na Islami Chhatra Shibir, tawi la wanafunzi la chama cha Jamaat-e-Islami, lilizoa viti vingi, na watu wa Nahid wakaachwa mbali. Shibir ilikuwa imekaa miaka mingi kwa siri ndani ya mabweni hayohayo, wanachama wake wengine wakijificha ndani ya Chhatra League yenyewe, na ndiyo iliyokuwa na watu waliopangika pale wengine walipokuwa na majina tu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaendelea kuja kutoka Rangpur na Barisal, na vitanda bado havitoshi.